Tumeshinda, wamefungwa



Leo naomba tuweke kando bei ya sukari na foleni ya Mbagala, tuzungumze kandanda. Na katika kandanda nitashika jambo dogo sana, silabi moja tu ya lugha yetu. Silabi yenyewe ni "tu".

Timu ikishinda, mshabiki husema, "Tumeshinda." Timu hiyo hiyo ikifungwa juma linalofuata, mshabiki yule yule, kwa mdomo ule ule, husema, "Wamefungwa." Hakuna mwalimu aliyetufundisha hivyo darasani, wala hakuna aliyekaa akapanga. Lakini pita asubuhi ya Jumatatu Tandika sokoni, Mtoni kwa Azizi Ali, Magomeni Mapipa au Tandale kwa Mtogole, usimame kidogo penye kijiwe cha kahawa, utasikia mwenyewe. "Jana tumewapiga." "Jana wamecheza ovyo." Ushindi una wenyewe wengi, na wote ni "sisi". Kufungwa ni kwa "wao", yaani kipa, kocha, mwamuzi, na yule mshambuliaji aliyekosa bao la wazi.

Mimi, kama wengi mnavyojua, ni Simba. Redioni natakiwa niwe sina upande, na katika taarifa ya habari sina. Lakini mazungumzo haya ni yangu na nyinyi, na hakuna haja ya kufichana. Kwa hiyo nitatoa mfano wa ushindi ambao sisi wa Msimbazi tunauhesabu kuwa mkubwa kuliko karibu wote. Ni ule wa Cairo, Agosti 2003.

Kwa vijana ambao wakati huo hawajazaliwa, nieleze kidogo. Zamalek ya Misri ndiyo ilikuwa bingwa wa Afrika, imelitwaa kombe mwaka 2002. Simba, ikifundishwa na Mkenya James Siang'a, ikapangwa kukutana nayo kuwania nafasi ya kuingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Mechi ya kwanza ilichezwa Dar es Salaam. Simba ikashinda bao 1-0, mfungaji Emmanuel Gabriel.

Bao moja dhidi ya bingwa wa Afrika si haba. Lakini nakumbuka maneno ya watu jioni ile. Walikuwa wakisema, "Tumeshinda, lakini Cairo watakwenda kufa." Sikiliza vizuri sentensi hiyo, ndugu msikilizaji. Ndani ya pumzi moja tulikuwamo, na ndani ya pumzi hiyo hiyo tumekwisha kutoka. Dar es Salaam tumeshinda, Cairo watakufa. Timu haijapanda hata ndege, sisi tumekwisha shuka.

Basi wakaenda. Zamalek wakarudisha lile bao, wakashinda 1-0 nyumbani kwao, jumla ikawa 1-1. Ikabidi ipigwe mikwaju ya penalti. Hapo ndipo jina la Juma Kaseja lilipoandikwa katika historia ya mpira wetu, kwani kijana yule alisimama langoni kama ukuta mbele ya umati wa Waarabu. Simba ikashinda kwa penalti 3-2. Mkwaju wa mwisho, ule uliomaliza kazi, ulipigwa na kiungo Christopher Alex Massawe. Bingwa mtetezi akatolewa kwake, mbele ya watu wake.

Ushindi huu siku hizi unasimuliwa kana kwamba ulianza kwenye penalti. Haukuanza pale. Ulianza kwa lile bao moja la Dar es Salaam, likafuatiwa na dakika 90 za Cairo ambazo hazikuwa na uzuri wowote wa kusimulia. Zilikuwa dakika za kuondoa mipira, kukimbia bila mpira, kulala chini na kuinuka. Mabeki kama Boniface Pawasa na Victor Costa, na Selemani Matola pale katikati, walikubali kufungwa bao moja wakakataa la pili. Laiti lingeingia la pili, hakuna penalti, hakuna Kaseja, na mimi leo ningekuwa nazungumzia bei ya sukari. Lakini hizo dakika 90 hakuna anayezidai. Sote tunadai penalti.

Wakati ule nilikuwa nakaa Temeke Mikoroshini. Habari zilipothibitika, watu walitoka nje. Walitoka na masufuria, na ngoma, na wengine na kanga nyekundu zilizoanuliwa kwenye kamba zikiwa bado mbichi. Daladala zilipita zikipiga honi, makondakta wananing'inia milangoni kama vile nauli imefutwa. Watu ambao mchana walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya deni la mchele walikumbatiana. "Tumeshinda! Tumeshinda!" Mtaa mzima.

Alikuwapo mama mmoja, muuza chapati, Yanga wa kuzaliwa. Alikuwa amekaa kibarazani kwake anatutazama. Kijana mmoja akamfuata kumtania, akamwambia, "Shikamoo mama. Umesikia lakini? Tumemvua bingwa wa Afrika!"

Yule mama akamwitikia, "Marahaba, mwanangu, hongereni sana." Kisha akamwuliza, "Hebu nikumbushe, mimi mzee nasahau. Ule mwaka wa Stella, nani alifungwa?"

Kijana akajibu haraka, "Simba walifungwa, mama."

Mama akacheka mpaka akashika mbavu. "Ahaa! Mwaka ule walifungwa Simba. Leo mmeshinda nyinyi."

Kwa asiyejua habari ya Stella, nayo nimweleze. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF, jambo ambalo hakuna klabu ya Tanzania iliyokuwa imelifanya. Ilikwenda Abidjan kucheza na Stella, ikatoka sare ya 0-0. Ikabaki kazi ya nyumbani tu. Uwanja wa Taifa, huu tunaouita sasa Uhuru, hapa hapa Temeke, ulijaa mpaka hapakuwa na pa kuweka mguu. Rais Ali Hassan Mwinyi mwenyewe alikuwapo. Dar es Salaam nzima ilikuwa imekwisha shinda kabla ya kipyenga. Stella wakafunga mabao 2-0, wakachukua kombe, wakaondoka. Na toka jioni ile, msikilizaji, sijapata kumsikia mtu akisema "tulifungwa na Stella" bila kwanza kumtafuta wa kumtupia mzigo.

Nirudi nyuma zaidi, maana tabia hii si ya juzi. Wazee wanakumbuka mwaka 1979, Simba na Mufulira Wanderers ya Zambia, Kombe la Klabu Bingwa Afrika. Mechi ya Dar es Salaam Simba ilifungwa mabao 4-0. Manne, nyumbani! Kwa hesabu ya mpira, hiyo ni maiti inayosubiri kuzikwa tu. Simba wakaenda Zambia kwa marudiano, wakashinda 5-0. Thuwein Ally peke yake alifunga mabao matatu. Wanaume wale waliondoka Dar es Salaam wakiwa "wao". Walirudi wakiwa "sisi".

Sasa nataka uone jambo ambalo mimi naliona katika mifano hii yote. Ushindi mkubwa, ule wa kukumbukwa miaka 20 au 40, karibu kila mara hupatikana wakati washabiki wamekwisha toka ndani ya "tu". Wachezaji wanakwenda peke yao kwenye giza, halafu mwanga ukitokea tunawakuta mlangoni tukiwa tumevaa jezi. Kushangilia si kosa. Mtu wa Mbagala anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi daladala, anayerudi usiku akiwa amebanwa kama dagaa, ana haki ya kufurahi hata kwa jambo ambalo hakulifanya yeye. Furaha ya mpira ni moja ya furaha chache ambazo fukara na tajiri huzipata kwa kipimo kimoja. Lakini furaha hiyo ina bei, na bei yenyewe ndiyo ninayotaka kuizungumzia.

Baada ya Cairo, Simba iliingia hatua ya makundi, ikapangwa na Enyimba ya Nigeria, Ismaily ya Misri na ASEC Mimosas ya Ivory Coast. Haikuvuka. Lakini tazama waliovuka. Walikuwa Ismaily na Enyimba, na hao hao ndio waliokutana fainali, Enyimba wakawa mabingwa wa Afrika. Yaani Simba ilitolewa katika kundi lililotoa bingwa na mshindi wa pili. Kwa hesabu yoyote hilo si la kuonea haya. Lakini vijiweni lugha ilikwisha badilika: "Wamechoka." "Wameridhika." "Wamelewa sifa." Sifa tulizilewa sote pale mtaani, ila hangover, kama wasemavyo walevi, tukawaachia wao. Kisha ikapita miaka 15 mpaka Simba ikaingia tena hatua ile, msimu wa 2018/19.

Na sasa nifike kwa Christopher Alex.

Huyu ndiye aliyeupiga ule mkwaju wa mwisho. Fikiria umbali kutoka katikati ya uwanja mpaka kwenye lile doa jeupe. Mtu anautembea peke yake. Hakuna wa kumshika mkono. Akikosa, maisha yake yote ataitwa "yule aliyekosa Cairo". Akipata, tumepata sisi. Alikwenda akapata.

Miaka ilipita, mpira wake ukaisha kama mpira wa kila mchezaji unavyoisha. Akaugua, na maradhi yakamchukua muda mrefu. Februari 2015 akafariki dunia, Dodoma. Mungu amlaze mahali pema peponi.

Sina ugomvi na klabu yoyote wala kiongozi yeyote katika hili, na kama wapo waliomsaidia, na naamini wapo, Mungu awalipe. Swali langu ni kwa ile silabi. Wakati anapiga mkwaju, tulikuwa "tu". Alipokuwa amelala kitandani, watu walikuwa wakisema nini vijiweni? "Anaumwa." "Masikini, hali yake si nzuri." Anaumwa yeye. Hali yake yeye. Si mimi wala wewe tuliyewahi kumsikia mtu akisema, "Tunaumwa." Ile "tu" ya Cairo ilikuwa wapi?

Najua utaniambia, "Sasa wewe mwandishi, ulitaka washabiki wote wa Simba waende Dodoma?" Hapana. Sisemi hivyo. Mtu wa kawaida wa Tandika hana nauli ya kwenda Dodoma kumtazama kila mchezaji mgonjwa. Ninachosema ni kwamba neno lina uzito. Ukisema "tumeshinda" umetia saini. Umejiandikisha. Na aliyejiandikisha huitwa pia siku ya mzigo, haitwi siku ya karamu peke yake.

Na sisi watu wa Tanzania hatuna kisingizio cha kutojua jambo hili, kwa sababu tuna utani. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na neno hilo halikuchaguliwa ovyo. Wewe unayetoka katika makabila yenye utani unajua mtani ni nani. Ni mtu anayekuja msibani kwako akakutukana, akamwigiza marehemu, akakuzuilia jeneza mpaka umpe chochote. Watu wanacheka huku machozi yanawatoka. Lakini mtani huyo huyo ndiye anayeshika jembe kuchimba kaburi. Ndiye anayechota maji na kupasua kuni. Utani una mikono miwili. Mmoja wa kuchekea, mwingine wa kufanyia kazi. Sisi katika mpira tumeuchukua ule mkono wa kuchekea, ule wa pili tumeusahau nyumbani.

Tena niseme, na watu wa Msimbazi mnisamehe, kwamba mfano mzuri wa siku za karibuni haukutoka kwetu. Mwaka 2023 Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Wakafungwa 2-1 na USM Alger hapa Dar es Salaam, tarehe 28 Mei. Wakaenda Algiers tarehe 3 Juni, wakashinda 1-0, lakini kombe likawapita kwa sheria ya bao la ugenini. Waliporudi bila kombe, Rais Samia Suluhu Hassan aliwaalika chakula cha jioni Ikulu, na watu wa Jangwani waliitwa wanaume, hawakuitwa "wale waliokosa". Nilisikia kwa masikio yangu kijiweni Mwananyamala mzee mmoja wa Yanga akisema, "Tumelikosa, lakini tumecheza." Tumelikosa! Neno dogo, lakini mimi mtani wake lilinigusa.

Miezi mitano baadaye, tarehe 5 Novemba 2023, Yanga hao hao wakatufunga 5-1 pale Uwanja wa Benjamin Mkapa. Naona baadhi yenu mnacheka huko mliko. Chekeni, ni haki yenu, na sisi tulicheka 5-0 ya Mei 2012. Lakini kumbukeni lugha iliyotumika Msimbazi jioni ile ya Novemba. "Robertinho amewafungisha." Siku mbili hazijapita, kocha Robertinho hana kazi. Sisemi kama ilikuwa haki au si haki, hilo ni la wataalamu. Nasema tu kwamba jioni ile "tu" haikuonekana barabarani. Ilikuwa imejifungia ndani na kuzima taa.

Ikatoka tena Aprili 2025. Simba ilikuwa imefungwa 2-0 na Al Masry kule Misri katika robo fainali ya Kombe la Shirikisho. Marudiano hapa Temeke ikashinda 2-0, ikaenda kwenye penalti, ikashinda 4-1. Wamisri tena, penalti tena. Waliokuwa vijana mwaka 2003 walikaa kwenye vibanda umiza vya Mbagala na watoto wao, wakawaeleza habari za Kaseja. Kelele zilisikika mpaka usiku. "Tumewatoa!" Timu ikaenda mpaka fainali, ikafungwa 2-0 na RS Berkane kule Morocco, na tarehe 25 Mei ikatoka sare ya 1-1 Zanzibar. Kesho yake nilipita Mtoni kwa Azizi Ali. Sikuhitaji kununua gazeti kujua matokeo. "Wamelikosa."

Basi, ndugu msikilizaji, nitoe ninayoyashauri, na ni machache.

Kwanza, tujifunze majina. Mshabiki anayetaja Cairo amtaje Emmanuel Gabriel aliyefunga Dar es Salaam, na amtaje Christopher Alex. Anayetaja Zambia amtaje Thuwein Ally. Mtoto wako akijua majina hayo, watu hao watakuwa hawajafa wote.

Pili, tulipe kiingilio. Si kuruka ukuta, si kununua tiketi ya kughushi kwa mlanguzi pale Mandela. Anayesema "tumeshinda" huku hajawahi kuichangia timu hata nauli ya basi, huyo ameazima furaha ya watu.

Tatu, mkeka usichukue nafasi ya mapenzi. Kijana anayeweka kodi ya chumba kwenye mkeka hapendi tena timu, anaidai. Na anayedai ni mtu wa "wao" kuliko wote, kwa sababu mkeka ukichanika, atamtukana hata mchezaji aliyemshangilia jana.

Nne, tumtafute mchezaji wetu mstaafu. Kila mtaa wa mji huu unaye mmoja. Yuko Temeke, yuko Kinondoni, yuko Magomeni, anauza duka au anafundisha watoto uwanja wa vumbi, au amekaa tu. Hahitaji hotuba. Apite kijiweni mtu anyanyuke ampe kiti, alipiwe kahawa, aulizwe afya yake. Simba tumwulize wa Yanga, Yanga wamwulize wa Simba. Hapo ndipo utani utakuwa umerudishiwa mkono wake wa pili.

Na la mwisho ni jepesi kuliko yote, kwa kuwa halina gharama. Timu yako ikifungwa Jumapili hii, iwe nyekundu au ya njano na kijani, jaribu kusema Jumatatu asubuhi, mbele za watu, kwa sauti ya kusikika: "Tumefungwa." Ulimi utakuwa mzito. Watani watakucheka, na wacha wakucheke. Ukiweza kulisema neno hilo, basi siku ile ukisema "tumeshinda," hata yule mama wa chapati hatakuwa na swali la kukuuliza.

Panapo majaliwa tutakutana tena juma lijalo, wakati kama huu. Mpaka hapo, kwaherini.